Muulize Shangazi Mchoraji: Mtoto wa mgema utomvu aliyechora wafalme

Toleo lililopita niliweka picha moja tu kwenye ukurasa huu: Elisabeth, mke wa Kaisari wa Austria, amegeuza shingo anatutazama juu ya bega, na nywele zake ndefu zilizosukwa zimepachikwa nyota za almasi. Chini yake niliandika mstari mmoja, kwamba Franz Xaver Winterhalter, aliyeichora mwaka 1865, alikuwa mtoto wa mkulima wa Ujerumani. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala nzima niliyowahi kuandika hapa. Nimechagua sita. Mimi mwenyewe nala kwa kuchora sura za watu, na mtu huyu nimemsoma kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo mtanivumilia pale nitakaporefusha.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko kidato cha nne na nachora kila nikipata karatasi. Nyumbani wananiambia kuchora ni kazi ya watoto wa wenye nacho. Sasa wewe unasema huyu aliyechora wafalme alikuwa mtoto wa mkulima. Alifikaje kasri? Kuna aliyemshika mkono?

JIBU: Marahaba mwanangu. Walimshika mkono, tena zaidi ya mmoja, lakini nianze kule alikotoka.

Alizaliwa tarehe 20 Aprili 1805 katika kijiji cha Menzenschwand, bondeni huko juu kwenye Msitu Mweusi, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, Fidel, alilima na kugema utomvu wa misonobari. Watoto walizaliwa tisa, Franz Xaver akiwa wa sita, na kati ya hao tisa ni wanne tu waliovuka utoto. Kila nikifika hapo kwenye maisha yake husimama kidogo. Mama yake, Eva, alizika watoto watano.

Alisoma kwenye shule ya watawa wa St. Blasien, karibu na kwao. Mwaka 1818, akiwa na miaka 13, aliondoka kijijini kwenda Freiburg kujifunza kuchora na kuchonga picha za kuchapishwa. Miaka 13, mwanangu, umri wa kuingia kidato cha kwanza. Mdogo wake Hermann naye alikuja kuwa mchoraji, na nitamrudia baadaye.

Hapo ndipo anatokea wa kwanza kumshika mkono: tajiri mwenye viwanda, Baron von Eichthal, aliyemwezesha kwenda Munich mwaka 1823. Wa pili ni Ludwig, mtawala wa Baden, aliyempa posho ya masomo mwaka 1825. Lazima ujue kwamba wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja. Ilikuwa dola nyingi, kubwa na ndogo, kila moja na mtawala wake, kasri lake, na hamu yake ya kuonekana. Kwa kijana mwenye kipaji hali hiyo ilikuwa na faida, kwani milango ya kubisha ilikuwa mingi.

Munich aliingia chuo cha sanaa chini ya Peter Cornelius, bwana aliyependa picha kubwa za ukutani za mashujaa na miungu. Winterhalter hakupata raha katika mafunzo hayo. Mkate wake aliupata kwenye litografia, uchapaji wa picha kwa jiwe, ufundi uliozaliwa Munich hukohuko, na akafanya kazi na Joseph Stieler, mchoraji wa sura aliyekuwa amemchora Beethoven mwaka 1820. Naomba nikueleze litografia kwa kuwa naamini ndiyo iliyomjenga. Unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa mpaka likawa laini. Unalilowesha maji, kisha unapitisha wino. Wino unashika penye mafuta na kukataa penye maji. Unachokichora kulia kitatoka kushoto, na ukikosea, kufuta ni kazi nzito kuliko kuchora. Niliwahi kujaribu mara mbili na mara zote mbili pua ya mtu iliniharibikia. Kijana anayeifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, akinakili sura za watu kwa mikono yake, anajua kope inaanzia wapi hata akiwa amefumba macho.

Wa tatu ni mwanamke. Mwaka 1828 alichukuliwa huko Karlsruhe, mji mkuu wa Baden, kumfundisha kuchora Sophie, ambaye mumewe Leopold alikuja kuwa mtawala wa Baden. Leopold ndiye aliyemsaidia kwenda Italia, akakaa Roma na kuzoeana na Wafaransa waliomzunguka mchoraji Horace Vernet. Aliporudi aliwachora Leopold na Sophie, akapewa cheo cha mchoraji wa kasri la Baden. Mtu mwingine angetulia hapo. Yeye mwishoni mwa mwaka 1834 alifunga mizigo akaenda Paris.

Waoneshe nyumbani barua hii. Na wewe endelea na karatasi zako.

SWALI: Shangazi, samahani kama nitakuudhi. Kwa lugha ya siku hizi, huyu si chawa tu? Kila malkia kwake ni mrembo na kila mfalme ana kifua. Mtu anayelipwa kuwapamba wakubwa tunamwitaje msanii?

JIBU: Hujaniudhi. Wahakiki wa Paris waliyasema hayo wakati wa uhai wake, tena kwa ukali kuliko wewe. Mwaka 1855, kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Paris, alionyesha picha ya Malkia Eugénie, mke wa Kaisari Napoleon III, amekaa na wanawake wanane wa kasri chini ya miti. Wahakiki waliiponda. Waliona magauni tu, vitambaa na utepe. Watu wa kawaida wao waliipenda.

Nimewahi kusimama mbele ya picha hiyo, kwenye kasri la Compiègne linakokaa leo. Ina karibu mita 3 kwenda juu na zaidi ya mita 4 kwa upana. Kwa mbali unaona bustani ya wanawake tisa, na jicho linakwenda lenyewe kwa Eugénie, ingawa hana taji: amewekwa juu kidogo tu ya wenzake, gauni jeupe, utepe wa zambarau. Nikasogea, nikasogea tena, mpaka mlinzi akakohoa. Pale ndipo lesi ilipopotea. Nilichokuwa nimekiona kwa mbali kama lesi yenye matundu na maua yake kilikuwa ni brashi iliyobeba rangi nyeupe, ikagusa, ikaondoka. Hakuna hata ua moja lililochorwa. Nilirudi nyuma hatua nne na maua yote yakarudi mahali pake. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Mimi lesi huichora tundu kwa tundu, na inatoka imekufa.

Sasa kuhusu uchawa. Nikueleze kilichonipata mimi. Mteja wangu wa kwanza wa kulipa alikuwa mzee mmoja mstaafu. Nilikuwa kijana, nikadhani ukweli ni makunyanzi, nikamchorea yote, na mifuko chini ya macho, na midomo iliyokauka. Alilipa bila neno. Baadaye nilisikia kwamba aliigeuzia picha ukutani. Nilikasirika miaka mingi, nikisema mzee hapendi ukweli. Leo najua nilikuwa sijamwona. Nilikuwa nimeiona ngozi yake. Mzee yule alikuwa na namna ya kuinua kidevu anaposikiliza, kama mtu aliyezoea kutoa uamuzi, na mimi sikuichora.

Winterhalter aliiona hiyo namna kwa kila mtu. Mchukue Victoria wa Uingereza. Alianza kumchora mwaka 1842, na kwa miaka iliyofuata alimfanyia yeye na familia yake kazi zaidi ya 120. Nyingi ni za kasri hasa: taji, utepe wa nishani, mkao wa kutazamwa na taifa. Lakini mwaka 1843 malkia alimwagiza picha kwa siri, zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mumewe Albert, aliyekuwa anatimiza miaka 24. Humo amelaza kichwa kwenye mto mwekundu, nywele zimefunguka zinamwagika begani, anatazama pembeni, midomo imeachana kidogo. Ni mke wa miaka 24 anayempenda mumewe. Malkia mwenye dola kubwa hivyo kukaa namna ile mbele ya mwanamume mgeni mwenye brashi, inataka amwamini sana. Na yeye hakumdhalilisha, wala hakumfanya sanamu.

Halafu tazama alichofanya pasipokuwa na hariri. Mwaka 1847 alimchora Chopin, mwanamuziki, kwa penseli tu. Miaka miwili baadaye Chopin alikuwa amefariki. Karatasi ile haina cha kupamba: ni mtu mwembamba, pua ndefu, mgonjwa, na utulivu wake.

Nakubali jambo moja katika barua yako, na nalisema kwa uchungu. Alipofika Paris hakutaka kuwa mchoraji wa sura. Alitaka kuchora visa. Mwaka 1836 alionyesha picha ya watu wa Italia wamepumzika kivulini, na mwaka 1837 ile aliyoiita Il Decameron, vijana wamekaa wakisimuliana hadithi, na zote mbili zilimpa jina. Ndipo mwaka 1838 akamchora Louise, malkia wa Ubelgiji, pamoja na mwanawe mdogo. Louise alikuwa binti wa mfalme wa Ufaransa, Louis-Philippe. Mama mtu akaiona, akaipenda, na mfalme akaagiza picha za ukoo wake zaidi ya 30. Winterhalter alichukulia kwamba kazi hizo ni za kupita, akimaliza atarudi kwenye visa vyake. Hakurudi. Kila picha ilizaa nyingine: Louise akampendekeza kwa Victoria, mwaka 1852 akaenda Hispania kumchora Malkia Isabella II, Warusi matajiri wakamfuata Paris, Vienna ikamwita. Miaka 35 ya kazi ya kupita.

Mahali alipotakiwa kubuni kisa aliweza kukwama. Mwaka 1851 Victoria alitaka picha ya tarehe 1 Mei: mwanawe Arthur alitimiza mwaka mmoja, mzee Wellington, jemadari aliyemshinda Napoleon wa kwanza, alitimiza miaka 82 siku hiyohiyo, na maonyesho makuu yalifunguliwa ndani ya jumba la vioo London. Winterhalter hakujua aviunganishe vipi vitu vitatu hivyo. Albert ndiye aliyempa njia. Picha iliyotoka inafanana na zile za mamajusi wakimletea mtoto Yesu zawadi: mzee ameinama, mtoto mapajani mwa mama anamnyooshea maua madogo meupe, na jumba la vioo linang'aa kwa mbali. Ninaipenda sana picha hiyo. Lakini kila nikiiangalia namwona yule kijana wa Il Decameron, miaka 14 baadaye, anangoja mume wa malkia amwambie la kufanya.

Chawa huwa hana alichopoteza, ndugu yangu. Huyu alipoteza.

SWALI: Shangazi naomba kujua kwa kifupi tu, picha zote hizo alizichora mwenyewe? Mkono mmoja unaweza?

JIBU: Asili ndiyo. Nakala hapana. Mfalme mmoja akichorwa, balozi wake anataka ya kwake, mawaziri wanataka, ndugu walioolewa nchi za mbali wanataka. Nakala hizo zilifanywa na wasaidizi wa studio, na aliyebeba mzigo mkubwa ni mdogo wake Hermann, ambaye alikuwa mchoraji mzuri kwa haki yake na aliishi hadi 1891. Nyingine zilisambazwa kwa litografia, ufundi uleule wa Munich. Ukiona picha ya Napoleon III kwenye jumba la mji mdogo wa Ufaransa imeandikwa jina la Winterhalter, tazama vizuri kama hakuna neno "nakala" au "studio" mbele yake.

Kuhusu mkono mmoja: alikuwa na kasi. Mara nyingi hakuanza na michoro ya majaribio. Alimweka mtu, akamchagulia mkao na mara nyingi hata nguo, akaanza moja kwa moja na rangi ya mafuta kwenye kanvasi.

SWALI: Shikamoo. Nimeangalia picha zake mtandaoni usiku mzima na wote ni wazungu wa kasri. Nikakutana na mmoja tu, kijana wa Kihindi mwenye kilemba. Yule ni nani, na alifuata nini pale?

JIBU: Marahaba. Nashukuru sana umemwona, maana kwangu ni mmoja wa watu wenye huzuni kuliko wote waliowahi kusimama mbele ya Winterhalter.

Ni Duleep Singh, mtawala wa mwisho wa dola la Masingasinga la Punjab. Alirithi kiti akiwa mtoto mdogo. Waingereza waliipiga Punjab, na mwaka 1849 wakamtilisha saini mkataba wa kuachia nchi yake yote, akiwa na miaka 10. Ndani ya mkataba ule almasi iitwayo Koh-i-noor ilitajwa kwa jina kwamba itakabidhiwa kwa malkia wa Uingereza. Mtoto alikuwa ameshatenganishwa na mama yake, Jind Kaur. Mwaka 1854 aliletwa Uingereza, Victoria akavutiwa naye, akaagiza achorwe.

Alikuwa na miaka 15. Alisimama ndani ya kasri la Buckingham akiwa na mavazi yake ya kitawala, kilemba chenye vito, lulu shingoni, upanga, na kifuani picha ndogo ya Victoria iliyozungushiwa almasi. Itazame sana hiyo picha ndogo. Mtoto aliyevuliwa nchi amevalishwa sura ya aliyeichukua.

Siku moja, akiwa anachorwa, malkia aliingia akaagiza Koh-i-noor iletwe. Ilikuwa imeshachongwa upya London mwaka 1852, ikapungua sana kuliko alivyoijua. Wakampa mkononi. Akaenda nayo dirishani, akaigeuza kwenye mwanga, akaiangalia muda mrefu, na waliokuwepo hawakujua atafanya nini. Kisha akarudi, akainama, akaiweka mkononi mwa Victoria kama anayetoa zawadi. Haya yaliandikwa na mke wa daktari aliyekuwa mlezi wake. Winterhalter naye akaendelea na kazi.

Picha yenyewe inamwonyesha mrefu kuliko alivyokuwa. Mchoraji alimwongezea kimo akitarajia kwamba kijana atakua akifikie, na hakukifikia. Wengine wanauona huo ndio uongo wa picha za kasri, na siwezi kuwabishia kwa nguvu. Lakini uso haukuongezewa kitu. Macho yanatazama pembeni, mbali na sisi, na ukishajua habari ya dirisha huwezi kuyaona vingine. Winterhalter alilipwa na Victoria na hakuwa mtu wa kupigania Punjab. Hata hivyo alichokiona usoni mwa mtoto yule alikiacha pale, na kipo hadi leo.

SWALI: Shangazi mimi ni mpiga picha wa harusi. Kamera si zilikuwepo enzi hizo? Kwa nini walilipa mtu awachore?

JIBU: Zilikuwepo. Ufundi wa Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839, Winterhalter akiwa na miaka 34, na wafalme waliupenda. Mwaka 1860 Victoria aliruhusu hata picha zake za kamera ziuzwe kwa umma. Lakini zilikuwa ndogo, hazina rangi, na anayepigwa alilazimika kuganda. Huwezi kuijaza sebule ya kasri kwa picha ya ukubwa wa kiganja.

Wewe lakini nina neno lako, maana kazi yetu ni moja. Tafuta picha mbili za mwaka 1864 na 1865: ya Bibi Rimsky-Korsakov wa Urusi, iliyoko jumba la Orsay, Paris, na ile ya Elisabeth ya toleo lililopita. Usiangalie nyuso. Angalia mabega na mikono. Bibi Rimsky-Korsakov ameshika nywele zake mwenyewe, kwa hiyo mikono ina kazi ya kufanya na haikukakamaa. Elisabeth ametupa mgongo, na bega ndilo linalokuja kwetu kwanza, uso baadaye. Maharusi wengi huwekwa kifua mbele, mikono imening'inia kama wanapimwa nguo. Mpe bibi harusi kitu cha kushika, hata shela lake, mgeuze robo, umwite jina. Atakapogeuka kuitika, bonyeza.

Na kama unapenda habari za wanandoa: mwaka 1864 Winterhalter alimchora Elisabeth nyingine, nywele zimefunguliwa zote, hakuna nyota wala taji. Hiyo haikuwa ya wageni. Kaisari Franz Joseph aliitundika kwenye chumba chake cha kazi, akaitazama mpaka uzee wake.

SWALI: Shangazi, mtu aliyechora wanawake wazuri wa Ulaya nzima, alioa yupi? Na mwisho wake ulikuwaje?

JIBU: Hakuoa. Aliwahi kuposa akakataliwa, na hakujaribu tena. Nyumba yake ikawa kazi, na mwenzake Hermann.

Mwisho wake ulitokana na hao hao aliowachora. Mchoraji wa kasri hutegemea kasri, na makasri ya Ufaransa yalianguka mawili mkononi mwake. Mwaka 1848 mapinduzi yalimng'oa Louis-Philippe, na Winterhalter akakimbilia Uswisi, kisha akafanya kazi Ubelgiji na Uingereza mpaka Napoleon III alipomrudisha Paris kwa heshima. Mwaka 1870 Ufaransa na Ujerumani zikapigana. Yeye alikuwa Uswisi kwa matibabu vita vilipoanza. Mjerumani aliyeishi Paris zaidi ya nusu ya maisha yake, mchoraji wa Kaisari wa Wafaransa, arudi wapi? Napoleon III alishindwa, Eugénie akatorokea Uingereza, na mwaka uliofuata kasri la Tuileries, walikokuwa wakiishi, likachomwa moto. Winterhalter alirudi Karlsruhe, mji aliouacha akiwa kijana wa miaka 29. Huko alichora kidogo sana. Kiangazi cha 1873 alikwenda Frankfurt, akapata homa ya tifasi, akafariki tarehe 8 Julai akiwa na miaka 68. Amezikwa hukohuko. Kijijini kwao Menzenschwand leo kuna jumba dogo la makumbusho la ndugu hao wawili, linaitwa Le Petit Salon.

Umeuliza habari za mwisho wake, nami naomba niongeze za mmoja wa aliowachora. Mwaka 1857 alimchora Eugénie na mwanawe wa pekee, Louis, mtoto wa mwaka mmoja tu, amekaa magotini mwa mama. Mtoto yule alikulia uhamishoni, akajiunga na jeshi la Waingereza, na tarehe 1 Juni 1879 akauawa na wapiganaji wa Kizulu huku kwetu kusini mwa Afrika, na miaka 23. Napoleon III alikuwa ameshakufa mwaka 1873, miezi sita kabla ya mchoraji wake. Eugénie akabaki peke yake.

Ile picha kubwa ya 1855, wanawake tisa chini ya miti, alirudishiwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1881. Akaitundika nyumbani kwake Farnborough, Uingereza, mahali pa kuingilia. Aliishi hadi 1920, akafa na miaka 94. Miaka karibu arobaini, kila akitoka na kila akiingia, alipita mbele yake mwenyewe akiwa na miaka 29, gauni jeupe, utepe wa zambarau, na wenziwe wanane ambao kwa wingi wao walikuwa wameshatangulia.